Fleti yetu ina miezi 7 sokoni na baba watoto hataki kushusha bei, tufanyeje?

Shikamoo Anti,

Naandika usiku wa manane wenzangu wote wamelala, naomba unisamehe kama itakuwa ndefu maana hili jambo limenijaa kifuani. Mimi ni mama wa watoto 2, ndoa yangu ina miaka 9, na kinachotugombanisha mimi na baba watoto sio mwanamke wala pombe wala pesa ya matumizi, ni fleti. Fleti hii hii tunayoishi.

Tuliinunua miaka 5 iliyopita, ipo katikati kabisa ya jiji, vyumba 2, ghorofa ya 6. Kipindi kile kupata nyumba ilikuwa vita Anti, ukienda kuangalia unakuta watu wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi, tulikosa 3 na hii ya 4 tukaipata kwa sababu tulitoa ofa juu ya bei iliyotangazwa. Riba ya mkopo ilikuwa chini sana na tukaifunga, yani rejesho letu la mwezi halibadiliki mpaka mkopo uishe. Miaka 2 baadae jirani wa ghorofa ya 4, fleti yake inafanana na yetu kila kitu, akauza kwa bei ambayo hata mwenyewe hakuamini, na ile bei ikaingia kichwani kwa baba watoto haijatoka mpaka leo.

Saivi maisha yamebadilika. Mama mkwe amekuja kuishi na sisi kwa sababu ya afya yake, analala chumba kimoja na watoto, lifti ikiharibika anakaa ndani hata siku 3 hawezi kushuka. Baba watoto anafanyia kazi nyumbani siku 3 kwa wiki, meza yake ipo pembeni ya kitanda chetu, akiwa kwenye kikao mimi siwezi hata kuingia kuchukua nguo. Kwahiyo tulikubaliana wote wawili bila ugomvi tuuze tutafute nyumba ya chini yenye vyumba 4 huko pembezoni mwa jiji.

Tukaiweka sokoni kwa bei ya jirani, tukaongeza na kidogo juu kwa sababu tulibadilisha jiko. Mwezi wa kwanza walikuja watu 9, hakuna aliyetoa ofa. Tukapunguza kidogo, kimya. Tukapunguza tena kidogo, akaja mmoja. Kwa miezi yote 7 tumepata ofa 3 na ile nzuri kuliko zote ipo chini kidogo ya bei tuliyonunulia sisi wenyewe. Baba watoto alikasirika sana siku ile, akasema hawezi kuuza kwa hasara kitu alichokilipia miaka 5, na kwamba huyo mtu katutukana. Tumebadilisha madalali mara 2 sasa tuko kwa wa 3, na yeye ameanza maneno yale yale ya wenzake kuhusu bei.

Huku sisi tunahangaika kuuza, huko pembezoni nyumba tunazozitaka zinaondoka ndani ya wiki moja au mbili. Mbili tumezikosa tukiwa tunaziangalia hivi hivi, moja nililia njia nzima kurudi nyumbani maana nilishaona mpaka chumba cha mama kitakuwa wapi. Sasa imepatikana ya 3, mwenye nyumba yuko tayari kutupa tukisaini mwezi huu, na benki wamesema wanaweza kutupa mkopo wa muda mfupi tununue hiyo kwanza halafu fleti tuuze baadae. Baba watoto anasema tusaini, fleti itauzika soko likirudi. Mimi Anti naogopa, silali. Dalali mwingine anasema tuipangishe tu. Akiba yetu yote imo humo kwenye fleti, hatuna nyingine.

Kinachonichanganya zaidi ni taarifa. Leo nasoma wanunuzi wamekimbia, kesho nasoma bei za nyumba zimevunja rekodi. Inawezekanaje vyote viwili, nani muongo? Na je nimwambieje mume wangu bila kumvunja moyo, maana ni mtu mzuri na anafanya haya yote kwa ajili yetu?

Mama wa Ghorofa ya 6

---

Marahaba mwanangu,

Msisaini huo mkopo wa muda mfupi. Nimeliweka mbele kabisa kwa sababu umesema mwezi huu, na kama barua yangu utaisomea njiani ukaishia hapa basi uwe umeondoka na hilo. Sababu zake nitazieleza huko chini, ila kwanza nikujibu ya taarifa maana humo ndo ugomvi wenu wote umejificha.

Hakuna muongo. Watu wengi tunadhani uhitaji ukipungua bei lazima ishuke, kama nyanya sokoni, zisiponunuliwa leo kesho zinaoza basi muuzaji anashusha. Nyumba haiozi. Mwenye nyumba asipopata bei anayoitaka anabaki anaishi humo humo. Angalia kilichotokea Marekani, nakitumia kwa sababu takwimu zao ziko wazi na kila mtu anaweza kuziona. Benki kuu yao ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, ilipofika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na mikopo ya nyumba ya miaka 30 iliyokuwa asilimia 2.65 Januari 2021 ikafika 7.79 Oktoba 2023. Wanunuzi wakapungua kweli kweli, mwaka ule wa 2023 nyumba zisizo mpya, yani zilizokuwa na wenyewe tayari, zikauzwa karibu milioni 4.09 tu, idadi ndogo kuliko mwaka wowote tangu 1995, wakati 2021 zilikuwa zaidi ya milioni 6. Lakini bei ya kati ya mwaka huo huo ikawa juu kuliko mwaka wowote uliopita. Kwa nini? Kwa sababu wauzaji nao walikimbia. Mtu ana mkopo wa riba ya asilimia 3 kwenye nyumba yake, akiuza itabidi akope upya kwa 7, anasema bora nikae. Kwahiyo wanunuzi wachache wanagombania nyumba chache, na aliyeandika wanunuzi wamekimbia na aliyeandika bei zimevunja rekodi wote wamesema kweli.

Kuna na hili la bei ya kati, ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Bei ya kati ni ile ya nyumba iliyo katikati ukizipanga zote zilizouzwa mwezi ule kutoka ya bei ndogo mpaka ya kubwa. Sasa riba ikipanda wanaoumia kwanza ni wanunuzi wa mara ya kwanza, wenye kipato cha kawaida, wale ambao wangenunua fleti kama yenu. Wakiacha kununua, zinazoendelea kuuzwa ni nyumba kubwa za wenye uwezo, na bei ya kati inapanda hata kama hakuna nyumba moja iliyopanda thamani. Halafu kuna misimu, kuna miezi ya mwaka watu wanahama sana na kuna miezi kimya, kwahiyo taarifa inayolinganisha mwezi huu na uliopita itakwambia kitu kingine kabisa na ile inayolinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Ukisoma zote mbili siku moja lazima uchanganyikiwe.

Ila mwanangu hata zote zikiwa sahihi hazikuhusu sana, kwa sababu zinazungumzia jiji zima na wewe unauza fleti moja. Jiji halina soko moja. Bei za nyumba Marekani zilipoporomoka kati ya 2006 na 2012, Las Vegas zilishuka zaidi ya nusu na Dallas hazikushuka hata robo, nchi moja, benki kuu moja. Na ndani ya jiji moja ni hivyo hivyo. Wakati wa korona watafiti wawili wa uchumi, Arjun Ramani na Nicholas Bloom, waliangalia watu wanahamia wapi katika majiji makubwa ya Marekani, na wakakuta uhitaji umetoka katikati ya jiji umekwenda kwenye viunga vyake, wakaufananisha na donati, katikati tundu pembeni pamejaa. Wengi wa waliohama katikati hawakwenda mbali, walibaki jiji lile lile, wanachotaka ni chumba cha kuweka meza ya kazi. Si ndo nyie hao? Baba watoto wako na meza yake pembeni ya kitanda ni mmoja wa watu waliosababisha fleti yake mwenyewe isiuzike, wala sio kosa lake, sababu inayowafukuza nyie humo ndani ndo hiyo hiyo inayomfanya mnunuzi mwingine aangalie vyumba 2 ghorofa ya 6 akaondoka.

Hili unaweza kulihakikisha mwenyewe bila kusubiri taarifa ya mtu. Chukua daftari. Hesabu fleti zote zinazofanana na yenu zinazouzwa eneo lenu, vyumba 2, umri wa jengo unaokaribiana, kisha waulize madalali 2 au 3 ni ngapi zimeuzwa kweli miezi 3 iliyopita, kuuzwa kabisa pesa ikalipwa, maana kutangazwa na kuuzwa ni vitu viwili. Gawanya hizo zilizouzwa kwa 3 upate za mwezi mmoja, kisha gawanya zilizopo sokoni kwa hiyo namba. Tuseme zipo 60 sokoni na zinauzwa 5 kwa mwezi, hiyo ni miezi 12 ya kuzimaliza zote hata isiongezeke mpya hata moja. Fanya hivyo hivyo huko pembezoni, tuseme zipo 24 na zinauzwa 12 kwa mwezi, ni miezi 2. Watu wa soko la nyumba huwa wanachukulia karibu miezi 6 kuwa ndo mizani imesimama sawa, ikiwa chini ya hapo muuzaji anasikilizwa, ikiwa juu ya hapo mnunuzi ndo anachagua. Namba zangu hizi ni za mfano, zako zitakuwa tofauti, ila kwa ulivyonieleza nina hakika utakuta tofauti kubwa, na utagundua kwamba nyie mnauza kwenye soko la mnunuzi halafu mnanunua kwenye soko la muuzaji, ndo maana mnaumia kotekote.

Madalali wenu wawili mliowafukuza sidhani kama walikuwa na kosa. Huyu wa 3 msimfukuze, bakini naye.

Sasa tuje kwenye ile ofa iliyomkasirisha mwenzio. Chukua kikokotoo tufanye hesabu pamoja. Mtu akikopa 100,000 za pesa yoyote ile kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 3, rejesho lake la mwezi ni kama 422. Riba ikiwa 7 rejesho linakuwa 665. Mshahara wake haujabadilika, uwezo wake wa kulipa kwa mwezi ni ule ule 422, kwahiyo sasa benki wanaweza kumkopesha kama 63,000 tu. Yule mnunuzi aliyewaletea ofa chini ya bei mliyonunulia hajawatukana wala hajaidharau fleti yenu, inawezekana kabisa ndo mtu aliyeipenda kuliko wote, akaenda benki akaambiwa mwisho wako hapa. Jirani wa ghorofa ya 4 aliuza kwa mtu mwenye 100, nyie mnauza kwa mtu mwenye 63. Zile hesabu ndo zilizobadilika, jengo liko pale pale.

Na hili la kukataa kuuza chini ya bei uliyonunulia lina watu wengi sana. Kuna utafiti maarufu wa David Genesove na Christopher Mayer uliotoka 2001, walifuatilia mauzo ya fleti katikati ya Boston miaka ya 90 baada ya bei kuanguka pale. Wakakuta wale ambao wakiuza wangepata hasara walikuwa wanaweka bei ya juu kuliko wenzao wenye fleti za aina ile ile ambao walinunua zamani kwa bei ndogo. Fleti sawa, mtaa sawa, tofauti ni kumbukumbu ya mwenye nyumba tu. Na ni kweli, waliofanikiwa kuuza walipata zaidi kidogo, hilo lazima niliseme ili niwe mkweli kwako, ila fleti zao zilikaa sokoni muda mrefu zaidi na kile walichoongeza kwenye bei sehemu kubwa hawakuipata. Swali kwenu ni je mna huo muda wa kukaa? Mama mkwe ana muda wa kukaa?

Nataka mwenzio aangalie kitu kimoja ambacho watu wanaouza na kununua kwa wakati mmoja wanakisahau. Nyie bei ya fleti peke yake haiwaumizi, inayowaumiza ni tofauti kati ya fleti na nyumba mnayokwenda. Tuseme siku jirani alipouza fleti ilikuwa 100 na nyumba ya pembezoni 140, mngeongeza 40. Leo tuseme fleti ni 85 na nyumba ni 140 ile ile, mnaongeza 55. Anaona 85 inamuuma moyo, sawa, inauma. Lakini akisubiri mpaka fleti irudi 100, na huko pembezoni nyumba zinaendelea kugombaniwa mpaka zikafika 165, ataongeza 65, atakuwa ameshinda kwenye fleti kashindwa kwenye nyumba. Inaweza pia kwenda upande mwingine, waajiri wakawaita watu maofisini siku 5, katikati ya jiji pakarudi kuwa na watu na pembezoni pakapoa, siwezi kukuapia haitatokea. Ila nyie hamuhitaji katikati ya jiji parudi, mnahitaji chumba cha mama mwaka huu. Wazee wetu walisema kata pua uunge wajihi, na mimi naona hapa ndo mahali pake.

Kuna jambo moja umelitaja kama unapita tu na mimi limenisimamisha, nalo ni riba mliyoifunga. Mwanangu hiyo ni mali, inawezekana ni mali kubwa kuliko jiko jipya na kuta zote. Mkiuza fleti kwa kawaida ule mkopo unalipwa wote unakufa, na huo wa nyumba mpya utakuwa kwa riba ya leo na utakuwa mkubwa zaidi. Rudi kwenye hesabu yetu, deni la 100,000 kwa asilimia 3 ni 422 kwa mwezi, deni la 150,000 kwa asilimia 7 ni kama 998. Umeona hapo, deni limeongezeka nusu lakini rejesho limezidi mara 2. Naogopa kwamba miezi 7 mmegombana kuhusu bei ya fleti na hamjakaa hata jioni moja kugombana kuhusu hili, ambalo ndo litakuwa linatoka mfukoni kila mwezi kwa miaka. Nendeni benki mkaulize mambo mawili. Kwanza, je mkopo wetu unahamishika kwenda kwenye nyumba nyingine na riba yake ile ile? Kuna nchi jambo hilo ni la kawaida, Uingereza na Kanada kwa mfano mikopo mingi inaruhusu, kwingine haipo kabisa, mikataba inatofautiana kwahiyo someni wa kwenu neno kwa neno. Pili, rejesho la nyumba mpya litakuwa ngapi kamili pamoja na bima na kodi zake, kisha muanze kuweka pembeni ile tofauti kuanzia mwezi huu kana kwamba mmeshahama. Mkiweza miezi 3 bila kukopa kwa watu, mnaiweza hiyo nyumba. Mkishindwa mwezi wa kwanza, tafuteni ya vyumba 3, watoto wanaweza kulala chumba kimoja miaka mingine kadhaa bila shida yoyote, mama apate chake, na meza ya kazi itafutiwe kona.

Na huko pembezoni, kabla hamjaipenda nyumba, baba watoto aende kazini kutokea huko wiki nzima saa zile zile za asubuhi na jioni. Leo ni siku 2 ofisini, zikiwa 5 itakuwaje? Wengi walionunua mbali 2020 na 2021 waliamini hawataitwa tena, wakaitwa.

Kupangisha kwa kifupi, haiwafai. Ingewafaa kama mngekuwa na akiba nyingine ya kianzio, kwa sababu mngebaki na riba yenu nzuri na mpangaji akawasaidia rejesho. Umeniambia akiba yote imo humo, sasa kianzio cha nyumba mpya kitatoka wapi? Bado kuna mikopo ambayo hairuhusu kupangisha bila ruhusa ya benki, kuna miezi fleti itakaa tupu, kuna lifti hiyo hiyo inayoharibika ambayo sasa itakuwa simu ya mpangaji saa 5 usiku.

Nirudi kwenye mkopo wa muda mfupi kama nilivyoahidi. Huo mkopo umetengenezwa kwa mtu ambaye nyumba yake imeshapata mnunuzi, mkataba umeshasainiwa, anasubiri tu wiki chache pesa iingie. Kwa mtu wa namna hiyo ni daraja. Nyie hamna mnunuzi kwa miezi 7, hamjui ng'ambo iko wapi, mtakuwa na mikopo miwili na ule mfupi riba yake kwa kawaida iko juu. Na kitakachotokea nakieleza kwa uchungu kwa sababu nimeshaona familia imepita hapo: miezi 4 au 5 mtavumilia, mwezi wa 6 mtaishiwa pumzi, na hapo mtaiuza fleti kwa bei iliyo chini kuliko hiyo ofa mliyoikataa, kwa sababu sasa hamuuzi kwa hiari. Baba watoto anasaini huo mkopo ili asiuze kwa hasara, na huo mkopo ndo utamuuzisha kwa hasara kubwa. Mwambie hivyo hivyo.

Kwa mwenye ile nyumba ya 3 ongeeni naye kwa uwazi. Muulizeni kama atakubali makubaliano yenye sharti la nyie kuuza kwanza, au muda mrefu zaidi kabla ya kukabidhiana. Kwa vile kule ni soko lake pengine atakataa, na mtaikosa, na utalia tena, pole sana mwanangu. Itapatikana nyingine. Hata ikibidi muuze fleti mkae nyumba ya kupanga ya chini miezi 6 huku pesa ikiwa mkononi, mtakuwa wanunuzi ambao muuzaji anawakimbilia, kwa sababu hamna cha kuuza, na mama atakuwa ameshashuka ghorofa ya 6.

Sasa fleti yenyewe. Hayo mliyofanya ya kupunguza kidogo kidogo yamewaumiza. Tangazo jipya linaangaliwa sana wiki za mwanzo tu, kwa sababu wanunuzi waliopo wameshaona vyote na wanasubiri kipya, wale 9 wa mwezi wa kwanza ndo walikuwa hao. Baada ya hapo kila anayeliona anauliza ina kasoro gani mbona haijanunuliwa, na mkishusha asilimia 2 anasubiri mshushe nyingine. Itoeni sokoni wiki chache. Leteni mthamini anayejitegemea, asiye na faida kwenye mauzo, awape thamani ya leo kwa kuangalia fleti zilizouzwa miezi 3 au 4 iliyopita, ile ya jirani wa miaka 3 nyuma msimpe hata kama kithibitisho. Irudisheni sokoni mara moja kwa bei yake halisi au chini yake kidogo, na yule wa ofa nzuri mpigieni, muulize kama bado anatafuta, hata kama ni aibu. Andikeni kwenye karatasi kabla ya siku hiyo bei ya mwisho mtakayokubali, wote wawili muisaini, ili ofa ikija usiku msianze upya kugombana.

Na umeniuliza umwambieje. Umesema ni mtu mzuri na nakuamini, nadhani hiyo bei ya jirani kwake sio pesa tu. Alipigania hiyo fleti kwenye foleni, akatoa juu ya bei, akalipa miaka 5, na kuuza chini ya pale anaona kama ni kukiri mbele yako kwamba aliwaingiza mahali pabaya. Kwahiyo usianze na soko wala riba wala hizi namba zangu. Anza na kumwambia kwamba hakukosea. Watoto wenu wamekulia humo, miaka 5 mmelala mahali penu bila mtu kuwapandishia kodi, rejesho halijatikisika wakati wenzenu walipandishiwa, hiyo fleti imeshawalipa. Mwambie hivyo siku ambayo hakuna dalali aliyepiga simu, mama amelala, watoto wamelala, halafu mpe daftari lako lenye zile hesabu za fleti zilizopo na zilizouzwa, umwache alisome mwenyewe bila kumsimamia.

Anti